Genova kwa Miguu kwa Siku Moja: Anzia Baharini, Malizia Juu Mlimani

Maswali ni yaleyale kila msimu wa joto. Mtu yuko Milano kwa ndugu zake, amebakiwa na siku moja kabla ya safari ya kurudi, anauliza: Genova inafaa? Siku moja inatosha? Nitapotea kwenye vile vichochoro? Nianzie wapi? Nimeyajibu kwa ujumbe wa simu mpaka nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja.

Jibu fupi: inafaa, na siku moja inatosha ukiipanga kwa mwelekeo. Genova, mji wa bandari wa Italia, imebanwa kati ya bahari na milima, kwa hiyo mji umepanda juu badala ya kutanuka. Anayeanza juu, akashuka, akapanda tena, anaishiwa nguvu kabla ya saa nane mchana. Wewe anzia chini kwenye maji, walikoingilia mabaharia na wafanyabiashara, upande taratibu, jioni ikukute juu ukiitazama bandari yote. Njia nzima haizidi kilomita sita.

Wenyewe kwa lugha yao ya Liguria wanauita mji wao Zena. Kwetu hilo ni jina la binti, na mimi kila nikiliona limeandikwa ukutani huhisi nimekaribishwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Raba zenye soli inayoshika. Vichochoro vimetandikwa mawe yaliyosuguliwa na miguu ya karne nyingi, na yakilowa yanateleza kama sabuni.
- Begi dogo la kuvaa mbele kifuani. Sanduku la magurudumu liache mahali pa kutunzia mizigo.
- Chupa ya maji. Maji ya bomba yananyweka, na kuna mabomba ya umma ya kujazia.
- Sarafu na noti ndogo za euro. Kadi inapokewa karibu kila mahali, ila kwa kahawa ya kaunta au kipande cha mkate sarafu zinaharakisha mambo.
- Mtandio au shati la mikono kwa ajili ya makanisani. Mabega wazi na kaptura fupi vinaweza kukurudisha mlangoni.
- Pasipoti au kitambulisho chenyewe, pamoja na picha yake ndani ya simu.
- Ramani ya mji uliyoipakua kabisa kwenye simu, usitegemee bando peke yake. Sababu utaiona mbele.

Kuhusu saa: humu nimetumia saa zetu za Kiswahili. Tiketi na mabango ya Italia huandika saa 24, kwa hiyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Nimeshasikia watu waliokosa treni kwa kosa hili tu.

Mambo matatu ya kuelewa kwanza

La kwanza, stesheni. Kuna mbili kubwa: Genova Piazza Principe na Genova Brignole. Shuka Principe. Kutoka Milano ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye mashine ya ukutani kabla ya kupanda. Isiyogongwa inahesabika kama huna tiketi, na faini hutozwa hapohapo. Ukija kwa meli ya kitalii, gati lake liko chini tu ya Principe, kwa hiyo teksi huihitaji.

La pili, namba za milango. Genova ina namba nyeusi kwa nyumba za kuishi na namba nyekundu kwa maduka na migahawa, na kila rangi inahesabu kivyake kwenye mtaa uleule. Kwenye anwani, nyekundu huandikwa na herufi r, mfano 25r. Mara yangu ya kwanza sikulijua hili. Nilitafuta mgahawa karibu nusu saa, nikaishia kugonga kengele ya nyumba ya watu. Mama mmoja akachungulia dirishani ghorofa ya tatu, akacheka kwa upole, akanyoosha kidole kwenye kibao chekundu mlango wa sita mbele yangu.

La tatu, mteremko. Mji wa zamani unateremkia bandarini. Hiyo ndiyo dira yako. Simu ikishindwa, shuka.

Hatua kwa hatua

1. Saa tatu asubuhi: toka Principe, shuka baharini. Mbele ya stesheni kuna uwanja wa Acquaverde na sanamu ya Christopher Columbus, mzaliwa wa mji huu. Mtazame dakika mbili kisha mwache, maana atarudi tena na tena siku nzima. Teremka kwa njia iitwayo Salita San Giovanni. Neno *salita* kwenye kibao maana yake ni mpando. Wewe unashuka, mwenzako anapanda. Chini utakuta jengo la mawe lenye mnara wa kengele: Commenda di Prè, iliyojengwa mwaka 1180 kuwapokea mahujaji na wasafiri wa kwenda Nchi Takatifu. Leo ndani yake mna makumbusho ya Waitaliano waliohama nchi yao kutafuta maisha, wengi wao kupitia bandari hii. Kwa yeyote mwenye ndugu ughaibuni, saa moja humo ina uzito. Ila kwa siku moja lazima uchague, na mimi ningeipita.

2. Vuka barabara uingie Darsena. Hapa ndipo zilipoundwa na kutengenezwa merikebu za kivita za Jamhuri ya Genova. Lisome jina hilo polepole: *darsena* limetoka kwa Waarabu, *dar* na *sina'a*, nyumba ya kazi za mikono. Dar ndiyo ile ya Dar es Salaam, na sina'a ni shina moja na sanaa yetu. Wachukuzi wa bandarini nao hapa huitwa *camalli*, nalo ni neno lilelile la hamali. Bahari moja ilizungumza na bahari nyingine muda mrefu kabla yetu.

Kwenye maji utaona nyambizi Nazario Sauro imefungwa mbele ya makumbusho ya bahari ya Galata. Ukipenda vyombo vya majini, ingia Galata. Ukitaka mji wenyewe, piga picha usonge mbele.

3. Ingia Via Prè, utokee Porta dei Vacca. Via Prè ni mtaa wa wahamiaji: Wasenegali, Wamoroko, Wabangladeshi, saluni za kusuka nywele, maduka ya mchele na viungo, bucha za halali. Anayeuliza chakula cha halali, aanzie hapa. Asubuhi ni mtaa wenye shughuli na salamu. Usiku wa manane usipite peke yako.

Mwisho wa mtaa unapita chini ya lango lenye minara miwili. Ni sehemu ya ukuta uliojengwa katikati ya karne ya 12, mji ulipojikinga dhidi ya mfalme Frederick Barbarossa.

4. Staftahi chini ya Sottoripa. Hizi ni baraza ndefu zenye matao zinazotazama bandari. Zamani maji yalifika karibu na miguu yake. Tafuta kwanza *focaccia*: mkate bapa uliovimba kidogo, wenye vishimo vya vidole vilivyojaa mafuta ya zeituni na chembe za chumvi ya mawe. Ikunje, uile ingali ya moto, umesimama. Wenyeji wengine huichovya ndani ya kapuchino, na ladha ya chumvi ikikutana na maziwa utaelewa kwa nini.

Kisha *farinata*: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Huokwa kwenye sinia pana la shaba ndani ya tanuri la kuni, ikatoka ya dhahabu na kingo zilizokauka. Ni unga uleule wa bajia zetu, umepelekwa njia nyingine. Asiyekula nguruwe aulize juu ya focaccia: *C'è strutto?* yaani kuna mafuta ya nguruwe? Desturi ya hapa ni mafuta ya zeituni, ila wapo waokaji wanaochanganya.

5. Simama mbele ya Palazzo San Giorgio. Jengo hili lenye ukuta uliochorwa picha, linalotazama bahari, lilianza kujengwa mwaka 1260. Lilikuwa makao ya serikali, likawa forodha, kisha Benki ya San Giorgio iliyoanzishwa mwaka 1407, moja ya benki kongwe kabisa za Ulaya. Leo lina ofisi za mamlaka ya bandari, kwa hiyo bado linafanya kazi ya pwani. Inasimuliwa kwamba Marco Polo alifungwa humu baada ya Genova kuishinda Venezia kwenye vita vya Curzola mwaka 1298, na ndipo akamsimulia safari zake mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa.

Mimi nikisimama hapa huwakumbuka zaidi ndugu wawili, Ugolino na Vadino Vivaldi. Mwaka 1291 waliondoka Genova na merikebu mbili kutafuta njia ya bahari kwenda India kwa kuizunguka Afrika, miaka mia mbili kabla ya Vasco da Gama. Hawakurudi. Inasimuliwa kuwa mtoto wa Ugolino alikwenda kuwatafuta hadi Mogadishu. Kama walifika pwani yetu au walizama mapema, hakuna aliyerudi kusema.

Uwanja huohuo una sanamu ya Raffaele Rubattino, mwenye kampuni ya meli. Kampuni yake ndiyo iliyonunua ghuba ya Assab mwaka 1869, na kwa ununuzi huo Italia ikaingiza mguu Eritrea. Wageni wengi humpita bila kumtazama. Mwafrika wa Mashariki amtazame.

6. Panda kupitia Piazza Banchi hadi kanisa kuu, kabla ya saa sita. Onyo kubwa la siku ni hili: makanisa mengi hufungwa adhuhuri, yakafunguliwa tena kama saa tisa. Ukichelewa chini bandarini, utakuta mlango umefungwa.

Katika Piazza Banchi, walipokaa wabadili fedha, kuna kanisa dogo la San Pietro lililojengwa juu ya maduka. Ujenzi wake uligharimiwa kwa kuyauza hayo maduka. Hakuna jengo linaloueleza mji huu vizuri kuliko hilo.

Toka hapo ingia vichochoro, *caruggi* kwa lugha ya hapa. Aliyewahi kutembea Mji Mkongwe Unguja au Lamu atajisikia nyumbani, ila hapa nyumba zina ghorofa sita na saba, na mbingu inabaki utepe mwembamba juu. Kuta hizi ndizo zinazoichanganya simu: kidoti cha bluu kitaruka mtaa wa pili kisha kirudi. Usikifuate. Soma vibao vya majina ukutani, na inua macho kwenye pembe za nyumba uone sanamu za Bikira Maria ndani ya vijumba vya marumaru. Kabla ya taa za barabarani, taa zao ndizo zilizomulika njia.

Kanisa kuu la San Lorenzo lina mistari ya mawe meusi na meupe, na liliwekwa wakfu mwaka 1118. Ingia, fuata upande wa kulia. Hapo pamewekwa kombora refu kama mtoto wa shule. Tarehe 9 Februari 1941 manowari za Uingereza ziliupiga mji kwa mizinga. Kombora hili lilitoboa ukuta wa kanisa, likaanguka ndani, na halikulipuka. Bamba lililo kando yake linatoa shukrani. Nimewahi kumwona mzee akipita na mfuko wake wa mboga, akaligusa kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa mlango wa nyumba yake, akaenda kuwasha mshumaa.

Ukitoka, geuka utazame uso wa kanisa na umtafute mbwa mdogo aliyechongwa amelala. Watoto humwona kabla ya wakubwa.

7. San Matteo, De Ferrari, Porta Soprana. Piazza San Matteo ni kiwanja kidogo cha ukoo wa Doria, nacho kina mistari ileile, na ndani ya kanisa lake amezikwa amirali Andrea Doria. Kutoka hapo dakika chache unatokea Piazza De Ferrari, uwanja mpana wenye chemchemi kubwa ya shaba. Jua litakupiga ghafla baada ya kivuli cha vichochoro. Endelea hadi Porta Soprana, lango jingine la ukuta wa Barbarossa. Pembeni yake ni nyumba inayoitwa ya Columbus. Fahamu kwamba unayoiona ilijengwa upya karne ya 18, baada ya mizinga ya Wafaransa ya mwaka 1684. Itazame kwa nje, hela yako itunze.

8. Chakula cha mchana. Kula kati ya saa sita na nusu na saa nane. Majiko mengi hufungwa baada ya hapo hadi jioni. Agiza *trofie* au *trenette*, tambi za hapa, kwa *pesto*: majani ya mrehani yaliyotwangwa na kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini, chumvi na mafuta ya zeituni. Mapishi ya kweli huwa na vipande vya kiazi na maharage mabichi vilivyochemshwa sufuria moja na tambi. Ukiona *coperto* kwenye bili usikasirike, ni malipo ya meza na mkate, na yameandikwa kwenye menyu. Kahawa ukiinywa kaunta ni nafuu kuliko ukikaa.

9. Via Garibaldi. Kutoka De Ferrari fuata Via XXV Aprile hadi Piazza Fontane Marose, kisha ingia. Ni mtaa wa mita 250 tu, uliopangwa mwaka 1550 kwa ajili ya matajiri waliochoka kubanana chini. Jamhuri haikuwa na ikulu ya kifalme ya kulaza wageni, kwa hiyo majumba yaliorodheshwa kwa madaraja kwenye hati ziitwazo *rolli*, na mgeni akija, kura inaamua nani ampokee. Majumba 42 kati ya hayo yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Milango mingi huwa wazi mchana. Ingia hata kama huna tiketi, utazame ua na ngazi za ndani. Ukiwa na hamu ya makumbusho moja tu leo, iwe hapa: tiketi ya Strada Nuova, jina la zamani la mtaa huu, inajumuisha Palazzo Rosso, Bianco na Tursi. Ndani ya Tursi kuna fidla ya Niccolò Paganini, mtoto wa Genova, iliyoundwa na Guarneri del Gesù mwaka 1743, ambayo mwenyewe aliuachia mji kwa wosia.

10. Lifti ya Castelletto. Rudi hadi Fontane Marose, nenda Piazza Portello, ingia kwenye lile handaki refu. Mwisho wake kuna lifti ya umma inayokutoa juu, Spianata Castelletto. Wenyeji huipanda na mikoba ya sokoni kama sisi tunavyopanda daladala. Ukifika, shika ukingo usubiri macho yazoee: mapaa ya mawe ya kijivu, minara ya makanisa, winchi za bandari, na kwa mbali Lanterna, mnara wa taa uliojengwa upya mwaka 1543 na wenye urefu wa mita 77. Jua hutua upande huohuo. Mwezi Juni ni kama saa tatu usiku, Desemba kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo panga hatua ya 9 kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

11. Kurudi stesheni. Shuka kwa lifti, pita Via Garibaldi hadi mwisho, Via Cairoli, Piazza della Nunziata, Via Balbi, Principe. Ni barabara kubwa zenye taa na watu. Usikatize vichochoroni usiku kwa kuokoa dakika tano.

Makosa ninayoyaona sana

Kosa la kwanza ni kuingia Acquario, jumba la samaki la bandarini. Ni kubwa na nzuri, watoto huipenda, ila hula nusu siku nzima na foleni juu yake. Ukiwa na siku mbili, sawa. Ukiwa na moja, utarudi umeona samaki na hujaona mji.

La pili ni kuja Jumatatu bila kuangalia. Makumbusho mengi Italia hufungwa siku hiyo. La tatu ni kutaka kuongeza Boccadasse, kijiji cha wavuvi, au Portofino humohumo. Acha.

Mambo yakienda kombo

*Umepotea kabisa.* Fuata mteremko hadi uone matao ya Sottoripa au maji. Haikuchukui zaidi ya dakika kumi na tano. Ukikwama, uliza *Il mare?* na watakunyooshea mkono.

*Una saa nne tu kutoka melini.* Fanya hatua ya 3 hadi 6, kisha nenda moja kwa moja Via Garibaldi na lifti. Lenga kurudi gatini saa moja kabla ya muda wa mwisho.

*Uko na mzazi mtu mzima au mtoto wa kigari.* Ruka Via Prè na vichochoro vyenye ngazi. Tumia Via San Lorenzo, mtaa mpana usiopitisha magari, kupanda kutoka bandarini hadi kanisa kuu na De Ferrari. Lifti ya Castelletto itawafaa.

*Mvua.* Ya kawaida isikutishe: baraza za Sottoripa na makumbusho ya Strada Nuova yatakusitiri. Lakini ukisikia *allerta rossa* au *arancione*, yaani tahadhari nyekundu au ya rangi ya chungwa ya hali ya hewa, chukulia kwa uzito. Mito ya hapa ni mifupi na inashuka kwa kasi kutoka milimani; mafuriko ya 2011 na 2014 yaliua watu. Usikae kwenye njia za chini ya barabara wala kando ya mto Bisagno, na uulizie kama treni zinatembea.

*Mgomo wa usafiri.* Neno la kutafuta ni *sciopero*. Hutangazwa siku kadhaa kabla, na treni za saa za kwenda na kutoka kazini mara nyingi huhakikishwa.

*Umeibiwa au umeumia.* Piga 112. Pasipoti ikipotea, pata kwanza hati ya polisi, *denuncia*, kisha wasiliana na ubalozi wako Roma. Bila hati hiyo hawatakuandalia ya kusafiria.